Ukuta wa bustani unaoweza kumtia mwenye nyumba jela

MTU anayenunua nyumba ya kale ya shambani nchini Uingereza aghalabu hudhani kwamba sheria hulinda nyumba pekee, na kwamba ukuta wa mawe uliozunguka bustani, zizi na ghala ni vyake vya kufanyia apendavyo. Dhana hiyo yaweza kumponza.

Nyumba ikishaingizwa katika orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria, sheria ya mwaka 1990 hulihesabu kila jengo lililomo katika kiwanja chake, na lililokuwapo kabla ya Julai 1, 1948, kuwa sehemu ya nyumba hiyo, hata kama halikutajwa popote orodhani. Tarehe hiyo haikuokotwa tu; ndiyo siku sheria ya mipango ya mwaka 1947 ilipoanza kutekelezwa. Anayebomoa bila idhini ya baraza la eneo lake hutenda jinai, na adhabu ya juu kabisa ni kifungo cha miaka 2, faini isiyo na kikomo, au yote mawili.

Utata ni mmoja: kiwanja huishia wapi? Mahakama hutazama mpangilio wa majengo, umiliki wake na matumizi yake, ya zamani na ya sasa. Ukuta wa bustani ni nadra kuzua mjadala. Lakini ghala lililojengwa kwa shughuli za kilimo, wala si kwa kuwahudumia wakazi wa nyumba, laweza kuhesabiwa kivyake ingawa limesimama hatua chache tu kutoka mlangoni. Hapo ndipo mawakili hupata riziki.

Ukarabati nao una hatari zake. Kuta nyingi za aina hii zilijengwa kwa chokaa, ambayo huruhusu unyevu kutoka. Fundi akiziba nyufa kwa saruji, maji hunaswa ndani ya mawe. Majira ya baridi yafikapo huganda, hutanuka na kuyabambua mawe. Kuta nyingine hazina chokaa wala udongo: ni safu mbili za mawe zilizojazwa vipande vidogo katikati, zikashikanishwa kwa mawe marefu yanayopenya upande hadi upande. Ukuta kama huo hudumu kwa sababu maji hupita.

Kwa mnunuzi, swali la kwanza ni iwapo mwenyeji aliyemtangulia alibomoa chochote bila idhini. Amri ya kurejesha kilichoharibiwa haina ukomo wa muda, na humwangukia mmiliki wa sasa.