Antena ya pikipiki imevunjika: mununue gani?

Pikipiki ya kooperative inayozunguka vijijini kukusanya kahawa na kakao, kule simu haishiki, pengine iko na redio ya kuongea na depo. Kinachovunjika kwanza ni antena. Inagonga tawi, inalala na pikipiki kwenye matope, ao mtu anaishika akipanda. Dereva anaenda sokoni, anachukua ya kwanza ambayo visi yake inaingia. Redio inasema siku mbili tatu, halafu inanyamaza kabisa. Hapo mutatafuta pesa ya redio, si ya antena tena.

Muulize kwanza redio yenu inafanya kazi kwa megahezi ngapi. Fundi aliyeipanga anajua. Chukueni 75, muigawanye kwa hiyo hesabu, munapata urefu wa antena ya robo wimbi kwa metre. VHF ya megahezi 150 inaomba nusu metre. Redio ya CB, ya megahezi 27, inaomba karibu metre 2 na sentimetre 78. Nani atapita msituni na fimbo ya namna hiyo? Ndiyo maana antena fupi za CB ziko na waya uliozungushwa mara nyingi chini yake. Zinafanya kazi, lakini hazifiki mbali kama ndefu. Kumbe antena mbili za metre moja zinaweza kuwa za redio mbili ambazo hazijuani.

Kwa redio ya kusikiliza FM tu, musisumbuke: waya wa sentimetre 75 unatosha. Redio ya kusema ndiyo yenye hatari. Nguvu inayotoka ikikuta antena isiyofanana nayo, inarudi nyuma na kuchoma redio ndani. Kwa hiyo musibonyeze kusema bila antena, hata mara moja ya kujaribu. Fundi akishafunga antena mpya, apime kile mafundi wanaita TOS. Ikiwa 1,5 ni vizuri. Ikipita 2, arekebishe kwanza.

Kuna jambo wauzaji hawasemi. Antena ya robo wimbi ni nusu ya kazi. Nusu ingine inafanywa na bati kubwa chini yake. Gari iko na paa. Pikipiki iko na nini? Kiti, plastiki na vyuma vyembamba. Antena iliyotoka kwenye gari, hata iwe nzuri namna gani, itakuwa dhaifu hapo. Kwa VHF, sisi tunashauri antena ya nusu wimbi, karibu metre moja, ambayo haitegemei bati. Bei yake iko juu kidogo, lakini tunaona inafaa. Kwa CB juu ya pikipiki, mukwangue rangi na kutu mahali antena inashikamana na chuma, kisha fundi aipime palepale, si juu ya meza yake.

Ifungwe nyuma, upande usio na bomba la moshi, juu ya resori ili ipinde ikigonga. Isiguse mifuko, zaidi ikiwa imelowa. Ncha iwe na kidonge, juu ya macho ya watu. Waya uwe wa 50 ohm, si ule wa televizyo wa 75, na maungio yafungwe vizuri maji yasiingie. Kama redio inakoroma kila mara moteri inapopanda, muangalie buji: kwa NGK, D8EA haina kizuizi cha kelele, DR8EA iko nacho.

Redio ya kusema inaombewa ruhusa kwa ARPTC, na kwenye barieri antena ndefu inaonekana mbali. Dereva asiyekuwa na karatasi anaweza kuchukuliwa kama mtu wa kupeleka habari za jeshi. Karatasi yenyewe ibaki ofisini. Fotokopi yenye muhuri wa kooperative, ndani ya sashe, itembee na dereva.