Homa ya Usiku Haingoji Asubuhi

Mada: Zamu ya usiku katika wodi ya watoto wenye saratani

Ujumbe mkuu: Mtoto anayetibiwa kwa kemo akishikwa na homa, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Wewe mama, nyanya, shangazi au yeyote anayemlea mtoto mgonjwa nyumbani, karibu katika mazungumzo yetu ya leo. Mimi ni daktari katika wodi ya watoto wenye saratani. Leo nitakueleza zamu yangu ya usiku inavyokwenda, kwa sababu kuna kazi moja ya usiku ambayo siwezi kuianza mpaka wewe uianze kule nyumbani.

Jioni, daktari wa mchana anapomaliza kazi, tunapita pamoja kitanda kwa kitanda. Ananionyesha nani ameanza kemo leo, yaani dawa za kuua chembe za saratani, nani anatapika na nani anangojea kuongezwa damu. Kuna watoto wenye saratani ya damu, ya figo, ya jicho, na ile inayovimbisha taya, ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 alipokuwa akifanya kazi Uganda. Nyingi za saratani hizi zinaweza kupona zikigunduliwa mapema na matibabu yakikamilishwa.

Kufikia saa nne usiku wodi imetulia, lakini sisi hatulali. Muuguzi anapima joto, anakagua dripu, na anampa mofini ya maji mtoto mwenye maumivu makali. Wazazi wengi huiogopa mofini wakidhani mtoto ataizoea kama mlevi. Ikitolewa kwa kipimo na kwa saa alizoagiza daktari, hilo si jambo la kuhofia. Na usingoje mtoto alie ndipo umpe. Mpe saa yake ikifika, kabla maumivu hayajarudi.

Saa nane usiku simu ya wodi inalia. Ni mama aliye nyumbani.

"Daktari, pole kwa usumbufu usiku huu. Mtoto amechemka tangu saa tatu. Nimempa dawa ya homa, nikaona tungoje kupambazuke."

"Mama, si usumbufu, niko zamu. Alipata kemo lini?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita."

"Anatetemeka?"

"Anatetemeka, na hata maji hataki."

"Basi msingoje. Njooni sasa hivi. Kama hapa ni mbali, mpelekeni hospitali iliyo karibu nanyi."

Mama huyu alifanya kile ambacho mama wengi hufanya mtoto akichemka. Lakini mtoto aliye kwenye kemo si sawa na ndugu zake. Dawa hizo huua chembe za saratani, na pia hupunguza chembechembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili. Mara nyingi askari hawa huwa wachache zaidi kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya kemo. Viini vya ugonjwa vikiingia wakati huo, havina wa kuvizuia. Huenda usione usaha wala uvimbe, kwa maana usaha wenyewe hutokana na askari hao. Alama ya pekee yaweza kuwa homa.

Mtoto akifika, tunatoa damu ya kupima na kumwekea antibayotiki kwenye mshipa. Tunajitahidi apate dawa hiyo ndani ya saa moja, bila kungoja majibu ya maabara. Wengi wanaofika mapema namna hii, homa hushuka na matibabu yao yakaendelea.

Lakini mtoto yule yule akiletwa asubuhi, naweza kumkuta mikono imekuwa baridi, anasinzia tu, na damu haisukumwi vizuri mwilini. Hapo tunapigana, na si mara zote tunashinda. Nimewahi kukaa na mama asubuhi kama hiyo. Hakuwa mzembe. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Ndiyo maana nakuambia wewe leo. Wahenga walisema, ngoja ngoja huumiza matumbo.

Sasa, mama, jiandae kabla usiku haujaingia:

1. Weka kipimajoto nyumbani. Joto likifika 38 au zaidi, ondoka. Kama huna, mtoto akiwa moto au akitetemeka, ondoka.

2. Usimpe dawa ya kushusha homa kabla ya kumpima na kuzungumza na hospitali. Inaficha homa na viini vinaendelea.

3. Usimwekee dawa yoyote kwa njia ya haja kubwa. Anaweza kuchubuka na viini vikaingia.

4. Andika kwenye karatasi jina la ugonjwa, tarehe ya kemo ya mwisho na namba ya simu ya wodi. Iweke pamoja na kadi ya kliniki.

5. Tenga nauli, na upatane mapema na mwenye gari au pikipiki, na jirani atakayebaki na watoto wengine.

6. Ukifika hospitali yoyote, usikae kwenye foleni kimya. Sema, "Mtoto huyu ana saratani, alipata kemo tarehe fulani, na ana homa."

Usingoje pia akitokwa na damu puani au kwenye fizi bila kukoma, akihema kwa shida, au akisinzia na kuwa mgumu kuamka, hata kama hana homa.

Mpenzi msikilizaji, usiogope kumwamsha daktari. Wa zamu hajalala, na angependa akuone usiku kwa homa iliyoshuka yenyewe kuliko akuone asubuhi umechelewa. Hadi wakati mwingine, nakutakia usiku mwema na afya njema.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Kwa nini homa ya mtoto aliye kwenye kemo ni ya hatari kuliko homa ya mtoto mwingine?

2. Kijijini mwetu, ni nani anayeweza kumsafirisha mgonjwa saa nane usiku?

3. Jirani anawezaje kumsaidia mama anayeuguza?