Juu ya nini bei ya maharagi haitoki shambani peke yake



Katika mikutano yetu swali moja linarudia kila msimu: "Tulilima vizuri, mvua ilinyesha, maharagi ilizaa. Sasa juu ya nini feza haionekane?" Wengine wanasema ni kosa la muchuruzi. Wengine wanasema ni Leta. Sisi maagronome, kwa muda mrefu tulijibu tu: tumieni mbegu nzuri. Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Bei inatengenezwa mahali pengi kwa wakati mmoja: shambani, barabarani, mgodini, na katika ofisi zinazotunga sheria. Tuone namna gani mambo hayo yanashikana.

Mwaka ambao mgodi ulifungwa

Tuanzie Walikale. Kule Bisie, ndani ya pori, watu walikuwa wanachimba kasiterite. Wabeba mizigo walitembea kwa miguu siku mbili hadi Njingala, kila mtu na kilo 50 mgongoni. Kisha madini ilipanda ndege ndogo zilizotua juu ya barabara ya lami pale Kilambo, ikaenda Goma. Ndege hizo hazikurudi bure. Zilirudi na chakula, sabuni na vitu vingine vya duka. Kwa hiyo, kasiterite ndiyo iliyolipia njia ya mchele na sukari.

Mwezi wa 9 mwaka 2010, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa madini katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Nia ilikuwa kukatia makundi yenye silaha feza. Mbele kidogo, mwezi wa 7 mwaka huo huo, Marekani ilikuwa imepitisha sheria ya Dodd-Frank. Ndani yake kuna sehemu inayodai kampuni zieleze kama bati, koltani, wolframu na dhahabu wanazotumia zinatoka Kongo ao nchi jirani.

Ni nini ilifuata? Mizigo ya madini ilipungua, na ndege zikapungua. Vitu vya duka vikawa haba, bei ikapanda. Wakati huo huo mchimbaji hakuwa tena na feza ya kununua. Mama aliyezoea kuuza ndizi, muhogo na mafuta ya ngazi kwa wachimbaji akabaki na mali yake sokoni. Katazo liliondolewa mwezi wa 3 mwaka 2011, lakini wanunuzi wengi wa ngambo walikuwa wameogopa, na biashara haikurudi mara moja.

Angalieni vizuri: amri ile haikusema neno hata moja juu ya shamba. Lakini ilifika katika sahani ya mkulima. Na jambo hilo si la zamani tu. Mwezi wa 3 mwaka 2025, vita ilipokaribia, kampuni ya Alphamin ilisimamisha kazi ya mgodi wake wa Bisie, ikaanza tena polepole mwezi wa 4. Mtu aliyeacha shamba lake likue pori juu ya kutegemea mgodi, siku kama hiyo hana pa kukimbilia.

Karatasi ya udongo na udongo wenyewe

Sasa tupande Masisi. Huku vilima ni vya maharagi, viazi na mahindi, na malisho ya ng'ombe wanaotoa jibini inayojulikana mpaka Kinshasa. Tatizo kubwa la huku ni udongo.

Sheria ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 1973 inasema udongo wote ni mali ya Leta. Kwa udongo ambao watu wanakaa juu yake kwa desturi, sheria ile iliahidi amri ya rais ya kupanga haki zao. Miaka ikapita, amri ile haikutoka. Mwenye karatasi alipata konsesio kubwa, na mwenye desturi peke yake alibaki bila ulinzi. Ndiyo maana leo wengi wetu wanalima kipande cha kukodi, msimu kwa msimu. Wengine wanalipa kwa kufanya kazi katika shamba la mwenye udongo.

Fikirini: nani atachimba mitaro ya kukinga maji kilimani, nani atapanda matete ao miti ya grevilea, wakati hajui kama mwaka ujao atalima pale? Kwa hiyo anapanda maharagi peke yake na kuondoka. Mvua kali inakuja, udongo wa juu wenye mbolea unateremuka mpaka bondeni. Mwaka wa pili mavuno yanapungua. Mwaka wa tatu anakata miti iliyobaki kwa kuchoma makala, juu makala inaleta feza ya haraka. Kilima kinabaki uchi, na mvua inayofuata inaharibu zaidi. Tunasema "erozio", lakini mwanzo wake ulikuwa karatasi iliyokosekana.

Nani analipa barabara mbaya?

Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme guniya ya maharagi inauzwa mjini 200.000 FC. Usafiri ni 40.000, taksi na barieri 30.000, faida ya muchuruzi 30.000. Mkulima anabaki na 100.000.

Sasa mvua inaharibu barabara, usafiri unapanda hadi 70.000. Mnunuzi wa mjini hana feza ya kuongeza. Muchuruzi hakubali kupunguza faida yake. Zile 30.000 zinatoka wapi? Zinatoka kwako. Unabaki na 70.000, na hakuna kilichobadilika shambani. Tena pampu na dawa tunanunua kwa bei ya dolari, na maharagi tunauza kwa franga. Franga ikishuka, guniya ile ile inanunua vitu kidogo.

Koperative inaweza kufanya nini?

Hatuwezi kubadilisha amri ya Kinshasa ao ya Marekani. Lakini kuna mambo manne ambayo mtu peke yake hawezi, na koperative inaweza.

Kwanza, kaye ya bei. Kila juma, mtu mmoja aandike bei ya sokoni, bei ya usafiri na taksi zilizolipwa. Mkiwa na kaye, mnajua bei imeshuka wapi, na mnaongea na muchuruzi ao na mwenye kulipisha taksi mkiwa na ushahidi mkononi.

Pili, stoki. Maharagi ya msimu A yote inaingia sokoni pamoja, na bei inaanguka. Ikaukeni vizuri, iwekwe katika mifuko yenye tabaka tatu isiyoingiza hewa, na sehemu moja iuzwe nyuma. Lakini pale vita iko karibu, msiweke yote katika depo moja, juu stoki kubwa inavuta waporaji.

Tatu, mapatano ya udongo. Komite iongee na mwenye konsesio na shefu wa kijiji, wasaini mbele ya mashahidi ruhusa ya miaka mitatu ao mitano. Memba nao waahidi mitaro na matete. Mwenye udongo anapata kilima kinachopona, na nyinyi mnapata muda wa kuvuna mlichotengeneza.

Nne, shamba la chakula. Ndugu wa Walikale, hata kama mtoto ameenda mgodini, nyumba isikose muhogo na ndizi. Feza ya mgodi iingie katika AVEC ao inunue mbuzi, isichukue nafasi ya shamba.

Mbele ya msimu B kuanza, memba waketi na wajiulize: barabara iko namna gani, mgodi uko namna gani, udongo tunaolima tuko nao kwa miaka mingapi, sheria ao taksi gani mpya imetoka? Mkishajibu maswali hayo manne, ndipo mchague mbegu.