Je, aliye-'give up' ameacha au amekata tamaa?

Katika mitaa ya Eastlands, kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Kayole na Dandora, kitenzi cha Kiingereza 'give up' kimevishwa viambishi vya Kiswahili kikawa kama mwenyeji: nimegive up, usigive up, wamegive up. Nia yangu leo si kuwakemea vijana kwa kuchanganya lugha. Nataka kuonyesha kuwa kitenzi hicho kimoja hubeba maana kadhaa ambazo Kiswahili huzitenga, na kwamba kuna wakati tofauti hiyo ni muhimu mno.

Chukua mfano wa mama anayemwambia jirani, "Kijana wangu amegive up." Jirani anajua kwamba kijana huyo ni mlevi na pia ametafuta kibarua Industrial Area kwa miezi mingi bila kupata. Aelewe nini? Ikiwa kijana ameacha pombe, mama apewe pongezi. Ikiwa amekata tamaa, au amekufa moyo, basi jirani ana wajibu wa kwenda kumbishia mlango siku hiyo hiyo. Kuacha ni kukoma kufanya jambo. Kukata tamaa ni kupoteza matumaini. Neno 'tamaa' likiwa peke yake mara nyingi hueleweka kama uroho, lakini katika nahau hii lina maana ya matumaini.

Maana hazijaishia hapo. Askari aliyezidiwa vitani husalimu amri. Abiria anayemwachia mzee kiti ndani ya matatu amempisha. Naye anayeshindwa kutegua kitendawili hutoa mji: mtegaji husema "nipe mji", akapewa Mombasa au Kisumu, kisha ndipo atoe jibu. Hali zote hizo Mwingereza anaweza kuzieleza kwa 'give up'.

Kwa nini basi? Kiingereza hubadilisha maana kwa kuongeza kijineno baada ya kitenzi. Kiswahili aghalabu hutumia kitenzi kingine, nahau, au kiambishi ndani ya kitenzi chenyewe: acha huzaa achia na achilia, pita huzaa pisha. Ndiyo maana kutafsiri 'give' kuwa 'toa' na 'up' kuwa 'juu' hakutatufikisha popote.

Kwa mwandishi na mtafsiri, swali la kwanza liwe: ni nini kilichoachwa? Kama ni tabia, andika kuacha. Kama ni matumaini, andika kukata tamaa. Kama ni nafasi, andika kupisha au kuachia.

Na kwa sisi wengine, rafiki akikwambia, "Buda, mimi nimegive up," usiitikie tu kwa "poa" ukaenda zako. Muulize, "Umeacha nini?" Akikosa cha kutaja, keti naye.