Bei ya Beri Nyekundu Hujulikana Januari

Kwa mkulima wa haiperikamu, Krismasi huanza Julai. Huo ndio mwezi wa kukata vichaka hadi karibu na ardhi, vichipue upya na kuzaa vitunda vyekundu kufikia mwisho wa Novemba. Akichelewa majuma mawili, shehena yake itafika Ulaya mashada yameshatundikwa milangoni.

Waridi ndilo huimbwa kila mwaka, lakini hizi beri ndizo huingia katika shada la majira ya baridi. Kule kaskazini, mashamba yakiwa yamelala, mfuma shada huokota kilichobaki: matawi ya misonobari, mengi yakitoka Denmark, koni kavu, na majani ya holi yenye miiba, ambayo Uingereza bado yana mnada wake Tenbury Wells. Yote ni ya kijani na kahawia. Wekundu lazima utoke mahali, na sehemu yake hutoka kwetu Ikweta. Mpinzani wetu ni ileksi ya Uholanzi, kijiti kilichopukutisha majani yote na kubaki na matunda matupu. Haina nauli ya ndege.

Ikweta nayo ina gharama yake. Haiperikamu hutaka mchana mrefu ndipo itoe ua, na mchana wetu ni wa saa 12 Januari hadi Desemba. Kwa hiyo shamba huwashiwa taa usiku, na mkulima hulipia umeme ili kuudanganya mmea kwamba uko katika kiangazi cha Ulaya. Kisha kuna kutu ya majani, ambayo haidanganyiki.

Mkulima mmoja wa nyanda za juu za Bonde la Ufa, mwenye ekari chache tu, hana ugomvi na taa wala kutu. Ugomvi wake ni karatasi. Beri zake hupitia kwa msafirishaji, kisha mnada wa Aalsmeer, ambako saa hushuka kutoka bei ya juu hadi mnunuzi wa kwanza abonyeze kitufe. Yeye hayupo, wala hajui nani kabonyeza. Anasema hupeleka mzigo mapema Desemba na kujua bei Januari, tayari imeshakatwa nauli, ada ya mnada, ada ya kupakia, na mstari mmoja wa makato ambao hakuna aliyewahi kumweleza ni wa nini. Ameuliza. Aliambiwa ndivyo ilivyo. Shina likikataliwa kwa sababu beri zimefanya weusi, hasara ni yake, hata kama weusi ulianza uwanjani ndege ilipochelewa. Zilizokataliwa kabla ya kusafiri huishia kwa wauza maua wa Nairobi, nao huzifunga pamoja na matawi ya saiprasi na kuziuza taslimu. Taslimu hiyo, asema, ndiyo fedha pekee ya Desemba anayoielewa.

Nilipompelekea malalamiko hayo afisa mmoja anayefuatilia sekta, alinijibu kwa takwimu: zaidi ya watu 500,000 hutegemea maua nchini. Ni takwimu ya heshima. Ila imekuwa hiyo hiyo kwa miaka mingi, mashamba yafungwe au yafunguliwe, na haisemi lolote kuhusu ule mstari wa makato.

Afisa huyo aliongeza kwamba nauli itapungua, kwa kuwa lengo ni nusu ya maua yaende kwa meli ifikapo 2030. Huenda. Lakini tangu mashambulizi ya Bahari ya Shamu yaanze mwishoni mwa 2023, meli nyingi zimelazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na bidhaa ya Krismasi haivumilii mzunguko. Waridi likichelewa litapata harusi ya mtu. Beri nyekundu itapata nini Januari?

Wakubwa wenye mikataba ya moja kwa moja na maduka ya Ulaya pengine wataendelea kupata faida. Bei yao huandikwa kabla ya kukata vichaka. Kwa wadogo sioni dalili ya nafuu, ingawa Desemba moja ya baridi kali na ileksi haba inaweza kunikosoa.

Yule mkulima asema Julai atakata nusu ya vichaka. Nusu nyingine mumewe anataka ing'olewe, wapande viazi.