Jarida dogo la kesi kubwa za Arusha

Kesi kubwa huvuta waandishi wa habari mara mbili: siku mshtakiwa anaposomewa mashtaka na siku anaposomewa hukumu. Katikati hapo hakuna kamera, na ndipo kesi yenyewe ilipo. Kesi ya mauaji ya kimbari ya washtakiwa sita wa Butare, nchini Rwanda, iliyosikilizwa hapa Arusha, ilianza Juni 2001 na hukumu ikatoka Juni 2011. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza Kaloleni kesi ikianza, alikuwa kidato cha nne ilipohukumiwa.

Mfaransa Thierry Cruvellier ni miongoni mwa waandishi wachache walioamua kwamba kazi yao iko katika muda huo usiotazamwa na mtu. Alilijua eneo la Maziwa Makuu kabla ya kufika Arusha, kwani mwaka 1994 na 1995 alifanya kazi huko na shirika la Waandishi Wasio na Mipaka. Mwaka 1997 akaanza kufuatilia Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, ICTR, na akaendelea hadi 2002.

Mahakama hiyo iliundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa Novemba 8, 1994, na miezi michache baadaye Arusha ikachaguliwa kuwa makao yake. Ikapanga AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa cha Arusha, jengo lililokusudiwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, ile iliyovunjika mwaka 1977. Watuhumiwa walilala mahabusu Kisongo na kuletwa mjini kwa magari ya ulinzi. Wakazi wengi wa Arusha waliifahamu ICTR kwa ajira zake, kwa kodi za nyumba zilizopanda, na kwa magari meupe yenye herufi za UN. Yaliyosemwa ndani, nyuma ya kioo kilichowatenga wasikilizaji na chumba cha mahakama, hayakuwafikia sana. Lugha za kazi zilikuwa Kiingereza na Kifaransa, mashahidi wengi wakizungumza Kinyarwanda. Kiswahili, lugha ya mji mwenyeji, hakikuwa na kiti rasmi humo.

Cruvellier angeweza kutuma habari fupi kwa vyombo vikubwa vya Ulaya na kuishia hapo. Badala yake akawa mhariri wa kijarida huru kilichoitwa Ubutabera, yaani haki kwa Kinyarwanda, kilichofuata kesi za Arusha hatua kwa hatua. Baadaye akahariri Diplomatie Judiciaire, kisha akaanzisha jarida lake, International Justice Tribune, lililotoka kwa Kifaransa na Kiingereza na kuzifuatilia mahakama za kimataifa popote zilipokuwa. Majarida ya namna hii hayana wasomaji wengi: mawakili, watafiti, watu wa balozi, na ndugu wa waathirika wenye bahati ya kuyapata. Matangazo ya biashara hayaji. Ndiyo maana namheshimu mtu anayeyaendesha kwa miaka.

Faida ya jarida dogo ni kwamba mhariri hana haja ya kumfurahisha mtu. Shirika kubwa la habari litaeleza hukumu ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, ya Septemba 2, 1998 kwa ukubwa wake, na ilikuwa kubwa kweli: kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ilimtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya kosa hilo. Jarida dogo linabaki kuuliza mashahidi walipatikanaje, wapelelezi walifanya nini, na kwa nini Ignace Bagilishema, aliyekuwa meya wa Mabanza, aliachiwa huru Juni 2001, wa kwanza kuachiwa na mahakama hiyo. Linaweza pia kusema jambo ambalo wengi wa AICC hawakupenda kulisikia: kwamba mahakama iliwashtaki watu wa upande mmoja tu wa vita vya Rwanda, na kwamba waliokuwa wameshinda hawakuguswa. Hoja hiyo imo katika kitabu cha Cruvellier kuhusu kesi za Arusha, kilichotoka Ufaransa mwaka 2006 na kwa Kiingereza, Court of Remorse, mwaka 2010. Mtu anaweza kuikubali au kuikataa. Aliyeitoa alikuwa amekaa kwenye viti vile miaka mitano.

Katika jengo hilo hilo la AICC kulikuwa na mchapishaji mwingine, naye alikuwa kizimbani. Hassan Ngeze alikuwa mmiliki na mhariri wa gazeti la Kangura, ambalo Desemba 1990 lilichapisha zile zilizoitwa amri kumi za Wahutu, za chuki dhidi ya Watutsi. Alishtakiwa pamoja na Ferdinand Nahimana, mwanahistoria aliyeshiriki kuanzisha RTLM, redio iliyochochea mauaji, na mwanasheria Jean-Bosco Barayagwiza. Kabla yao mtangazaji wa RTLM, Georges Ruggiu, raia wa Ubelgiji, alikuwa amekiri makosa na kufungwa miaka 12 mwaka 2000. Desemba 3, 2003 majaji, wakiongozwa na Navi Pillay, waliwatia hatiani wote watatu. Novemba 2007 mahakama ya rufaa ilifuta baadhi ya makosa waliyotiwa hatiani na kupunguza adhabu: Ngeze miaka 35, Barayagwiza 32, Nahimana 30.

Kwa mwandishi yeyote wa habari, hii ndiyo kesi ya Arusha iliyo ngumu zaidi kuisoma.  Kangura lilikuwa gazeti la mtu binafsi. Tunaposifia uchapishaji huru, tukumbuke na hilo, maana linatulazimisha kuangalia kazi yenyewe: nani ameketi kuusikiliza ushahidi, nani ametaja majina ili watu wawindwe. Nashangaa kwamba kumbukumbu za kesi hii hazifundishwi kwa nguvu zaidi katika vyuo vyetu vya uandishi, ilhali ilisikilizwa katika mji wetu. Natamani pia mchapishaji mmoja wa Tanzania achukue kitabu cha Cruvellier akiweke kwa Kiswahili. Msomaji wa Usa River ana haki nacho kuliko wa Paris.

International Justice Tribune lilihamia baadaye kwa Radio Netherlands. Cruvellier akaandika kitabu kuhusu kesi ya Duch, mkuu wa gereza la mateso nchini Kambodia, kisha akawa mhariri wa JusticeInfo, chombo kilichoanzishwa mwaka 2015 na Fondation Hirondelle ya Uswisi, taasisi iliyowahi kuwa na shirika lake la habari hapa Arusha kwa ajili ya kesi hizo hizo.

ICTR ilifungwa Desemba 31, 2015, na nyaraka zake zikahamia Lakilaki, nje kidogo ya Arusha. Lakini baadhi ya walioachiwa huru au kumaliza vifungo waliendelea kuishi Arusha kwa miaka mingi, kwa kuwa hakuna nchi iliyowapokea. Desemba 2021 wanane kati yao walipelekwa Niger kwa makubaliano na Umoja wa Mataifa. Kabla mwezi huo haujaisha, serikali ya Niger ikawaamuru waondoke. Waandishi wengi walikuwa wameshaacha kuifuatilia habari hiyo. JusticeInfo iliendelea kuiandika.