Kabla Hujampa Fedha Mwalimu wa Dansi

Juma hili ninayo barua kutoka Mugeta, wilayani Bunda. Aliyeiandika ni binti aliyepata kazi Mwanza, na mwezi ujao anahamia huko. Anasema amekuwa akitazama salsa na cha-cha-cha kwenye simu, na sasa, kwa kuwa atakuwa na mshahara wake, anataka kujifunza. Anauliza: atamjuaje mwalimu wa kweli, yeye ambaye hajui hata hatua ya kwanza? Kaka yake amemwonya kwamba hizo ni dansi za watu wengine, na kwamba ni mahali pa kupotezea mshahara, pengine na heshima pia.

Nianze na huyo kaka. Juu ya mshahara na heshima ana hoja, na nitamrudia. Juu ya ugeni, sikubaliani naye. Tangu mwaka 1933 kampuni ya HMV iliuza Afrika santuri za muziki wa Kuba zilizotambulika kwa herufi GV, na vijana wa Kongo na Tanganyika wakazisikiliza hadi zikachubuka. Kule Morogoro, Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, aliongoza bendi iliyoitwa Cuban Marimba. Wazee wetu waliosakata rumba, bolero na cha-cha-cha waliziita dansi tu, ili kuzitofautisha na ngoma. Kaka mtu aulize nyumbani. Huenda akaambiwa na mjomba wake mambo ambayo hakuyatarajia.

Sasa mwalimu. Mgeni wa dansi kwa kawaida humchagua anayecheza vizuri kuliko wote ukumbini. Ndiye anayeonekana, ndiye anayepigiwa makofi. Lakini kucheza ni kazi moja na kufundisha ni nyingine. Niliwahi kukaa katika ukumbi mmoja nikitazama somo la wanaoanza. Mwalimu alikuwa hodari kwelikweli. Alisimama mbele ya kioo, akatupa mgongo, akacheza. Walioweza walifuata. Mama mmoja aliyekuwa nyuma alipotea tangu dakika ya tano, na mpaka saa inakwisha hakuna aliyemsogelea. Mimi macho yangu yalikuwa kwa mama huyo, na ningependa binti wa Mugeta naye atazame hivyo hivyo. Omba kuketi pembeni somo zima kabla ya kulipa. Mtafute mwanafunzi aliye nyuma kuliko wote, kisha uone mwalimu anamfanya nini. Halafu waulize walioanza miezi mitatu iliyopita: je, wanaweza kucheza na mtu wasiyemzoea, kwa wimbo wasioufahamu? Kama wanaweza tu ule mpangilio mmoja waliokaririshwa, hao wamefundishwa onyesho.

Linalofuata ni sikio. Salsa huhesabiwa hadi nane: unakanyaga moja, mbili, tatu, unapumzika ya nne, unakanyaga tano, sita, saba, unapumzika ya nane. Mwalimu yeyote atakuhesabia. Ila aliye mzuri atafika mahali anyamaze, aache muziki ukuhesabie. Atakuonyesha klave, vile vijiti viwili vya mbao vinavyogonga mapigo matano na kurudia, ambavyo muziki mzima umejengwa juu yake. Asiyefanya hivyo atakufundisha kucheza sauti yake, na siku asipokuwapo utasimama. Mtu aliyekua mkoani Mara akisikia litungu ana sikio tayari. Linahitaji kuelekezwa tu.

Kiuno nacho kisikutishe. Wengi hudhani dansi hizi ni kutikisa nyonga, wakaona haya au wakazidisha. Nyonga husogea zenyewe uzito unapohama kutoka mguu mmoja hadi mwingine, goti moja likikunjwa na jingine likinyooka. Mwalimu anayepiga kelele "tikisa! tikisa!" bila kueleza habari ya magoti, mwache na kelele zake.

Uliza pia anafundisha dansi gani hasa. Neno "Kilatini" limebeba mizigo mingi. Katika mashindano ya kimataifa ni dansi tano: samba, cha-cha-cha, rumba, paso doble na jive. Humo paso doble imetokana na Hispania na Ufaransa, na jive ni ya Wamarekani weusi. Salsa haimo kabisa. Rumba ya mashindano ni ya polepole, nayo si rumba ya Kongo utakayoisikia ikipigwa na bendi Jumamosi. Salsa, kwa upande wake, ni dansi ya starehe iliyopata jina na umbo lake New York miaka ya 1960 na 1970. Ukitaka kuserebuka na wenzako, mtu wa mashindano atakuchosha kwa kunyoosha vidole. Na ukitaka mashindano, mtu wa starehe hatakufikisha. Kuhusu vyeti: dansi za mashindano zina mitihani ya walimu, kama ile ya chama cha Uingereza kiitwacho Imperial Society of Teachers of Dancing, kilichoanzishwa mwaka 1904. Salsa haina chombo kimoja chenye kauli juu ya wote. Cheti chake ukutani kisome, lakini usikilipie.

Nimrudie kaka sasa. Dansi hizi huchezwa kwa kushikana, na hapo ndipo penye hatari na ndipo penye adabu yake. Mkono wa anayeongoza hukaa mgongoni, chini ya bega, na huwa mwepesi. Mwalimu mwenye adabu husema anakwenda kugusa wapi na kwa nini, kisha hungoja ukubali. Hubadilisha wanafunzi ili kila mmoja acheze na kila mmoja, na anayesema leo hapendi kushikwa na fulani halazimishwi wala hachekwi. Akikuambia juma la kwanza kabisa kwamba una kipaji, ubaki usiku akufundishe peke yako, chukua mkoba wako uende. Kipaji hakionekani juma la kwanza. Vivyo hivyo anayemwinamisha mwanafunzi mpya hadi kichwa karibu na sakafu, au kumzungusha akiwa amemkaba kifundo cha mkono: bega likiteguka, atakayekosa kazi Jumatatu ni wewe, yeye atakuwa ukumbini.

Mshahara: lipa somo moja, kisha mwezi mmoja, na udai stakabadhi. Punguzo la miezi sita kwa mtu ambaye hajui kama ataipenda dansi yenyewe linamfaa muuzaji peke yake. Viatu maalumu visinunuliwe sasa. Vaa viatu vyenye soli laini ya ngozi visivyochomoka, kisigino kifupi. Raba hushika sakafu. Mwili unageuka, mguu unabaki, na goti ndilo linaloumia.

Binti aliuliza mwishoni kama aanze kwa kujifunza kwenye simu kabla hajasafiri. Hatua ya msingi, ndiyo, mbele na nyuma, hapo hapo Mugeta uani, jioni. Asiende mbali kuliko hapo, kwa sababu simu haiwezi kumwambia kwamba uzito wake bado umebaki kwenye mguu wa nyuma. Na akipata nafasi amwite yule kaka awe mwenzake wa kufanyia mazoezi.